Bei ya Nyumba Unayoiuza ni Amana

 

 

Siku chache kabla ya mazungumzo haya, mzee mmoja katika maamuma wetu alitusimamisha kwenye ngazi za msikiti akatuuliza: "Ustadhi, nataka kuiuza nyumba yangu nihamie kwa wanangu. Wewe umesoma. Niseme bei gani?" Tulimjibu kwa haraka kwamba mali ni yake na sheria haikumwekea kiwango, basi aseme atakayo. Mzee akashukuru, akaenda zake. Hata hakufika mbali, nafsi ikaanza kutusuta. Jawabu lile lilikuwa nusu ya elimu, na nusu ya pili tulikwisha kuijua kwa uchungu, kwa nyumba isiyokuwa yetu. Ndiyo sababu tumeomba nafasi hii baada ya swala ya Magharibi, tumjibu mzee wetu mbele yenu kama inavyostahiki.

Sheria haikuweka kiwango

Tuanze na ile nusu iliyo sahihi. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kwamba bei zilipanda Madina zama za Mtume (s.a.w.), watu wakamwomba awapangie bei. Hakukubali. Aliwajulisha kwamba Allah ndiye mwenye kuzipanga, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Aidha, Urwa al-Bariqi (r.a.) alipewa dinari moja amnunulie Mtume (s.a.w.) kondoo. Akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari moja, akarudi na kondoo na dinari. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa faida hiyo, bali alimwombea baraka.

Katika ardhi tunao mfano mkubwa zaidi. Az-Zubayr bin al-Awwam (r.a.) alinunua shamba la al-Ghaba, karibu na Madina, kwa 170,000. Alipouawa mwaka 36 Hijria, aliacha deni la 2,200,000. Mwanawe Abdullah aliliuza shamba hilo kwa 1,600,000, na hakuna Swahaba aliyesema kwamba bei hiyo ni dhulma kwa kuwa imezidi mara tisa ya ile ya kununulia.

Lakini tazameni Abdullah alivyouza. Kwanza aliligawa shamba mafungu kumi na sita, kila fungu likathaminiwa kwa 100,000. Ndugu yake al-Mundhir alichukua fungu moja kwa 100,000. Amr bin Uthman na Ibn Zam'a nao wakachukua moja moja kwa bei hiyo hiyo. Yalipobaki fungu moja na nusu, Muawiya (r.a.), pamoja na utajiri wake, aliyachukua kwa 150,000. Bei haikupanda kwa sababu mnunuzi ni tajiri, wala haikushuka kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja. Ilikuwa imekwisha kujulikana kabla ya mnunuzi yeyote kusema neno.

Hapo ndipo ilipo nusu ya pili. Uhuru wa kutaja bei haumaanishi kutaja kwa kubahatisha. Anayetaja bei ya nyumba anatoa ushahidi juu ya nyumba ile: kwamba kwa ardhi yake, kuta zake, hati yake na kasoro zake, hiki ndicho anachoona inastahiki. Na shahidi hutakiwa kujua kabla ya kusema.

Nyumba ya Ngamiani

Ndugu zetu, yanayofuata hatuyasemi kwa kupenda. Kaka yetu alifariki mwaka 2017, Allah amrehemu, akaacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja, wote wadogo. Aliacha pia nyumba ya vyumba sita pale Ngamiani, mjini Tanga, yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Mahakama ya mwanzo ilituteua kuwa msimamizi wa mirathi. Sisi hatukuwa na fungu katika mali ile, kwani kuwepo kwa wana wa kiume kulituzuia. Thumni ni ya mjane, na kilichobaki ni cha watoto. Shemeji yetu aliomba nyumba iuzwe, anunue ndogo karibu na wazazi wake, na inayosalia isomeshe watoto.

Wakati huo mji wa Tanga ulikuwa na gumzo moja. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 liliwekwa pale Chongoleani jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda, na kila mwenye kiwanja akajiona tajiri. Dalali mmoja alikuja, akaitazama nyumba kwa nje tu, akasema: "Hii msiiachie chini ya milioni 90. Wageni wanakuja." Tuliipenda bei ile. Hatukumuuliza mtu wa pili. Tulimwambia aitangaze.

Mwezi wa tatu akaja jirani wa ukuta kwa ukuta, mzee fundi cherehani. Alitaka kumwekea bintiye makazi karibu naye. Akasema anaweza milioni 58: 30 mkononi, na 28 kwa miezi kumi. Tulimjibu kwa adabu ya nje, lakini moyoni tulimwona anatudhihaki. Na laiti tungekumbuka! Tulikuwa tukiwasomesha wanafunzi wetu hadithi ya Abu Rafi' (r.a.), aliyemtaka jirani yake Saad bin Abi Waqqas (r.a.) anunue vyumba vyake viwili. Saad alisema hazidishi elfu nne kwa mafungu. Abu Rafi' alikuwa amekwisha kupewa ahadi ya dinari mia tano, na dinari katika hesabu ya zama zile ilikuwa ni dirhamu kumi au kumi na mbili. Hata hivyo alimwachia jirani, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akimtaja jirani kuwa ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Tuliisomesha hadithi hiyo kwa irabu zake zote, na ilipotujia mlangoni kwa miguu yake hatukuitambua.

Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, haki ya shufaa inayolazimisha ni ya mshirika, si ya jirani. Ni kweli pia kwamba Abu Rafi' alisamehe mali yake mwenyewe, na mali ya yatima haina ruhusa ya kusamehewa. Lakini jirani yule hakuomba kusamehewa kitu. Tulipokuja kuuliza, tena baada ya kuchelewa, tulikuta nyumba tatu za mitaa ile zilizouzwa karibu na wakati huo. Zilikwenda baina ya milioni 54 na 60. Bei yake ndiyo iliyokuwa bei.

Masika ya kwanza maji yaliingia kupitia bati la nyuma. Wapangaji wa vyumba vinne wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Masika ya pili mchwa walikuwa wamekwisha kupanda kwenye kenchi. Dalali hakuonekana tena. Baada ya miezi 26 tuliuza kwa milioni 49, kwa mtu wa mbali, kwa sababu jirani alikwisha kumnunulia bintiye mahali pengine. Katika milioni 58, thumni ya mjane ingekuwa shilingi 7,250,000. Katika 49 ilikuwa 6,125,000. Bado hatujahesabu kodi za vyumba zilizopotea, na ada ambazo shemeji yetu alikuwa akizikopa huku na huku.

Siku tuliyomkabidhi fungu lake alituuliza swali moja, kwa upole: "Shemeji, ile tisini ilikuwa bei ya nyumba, au bei ya jina lenu?"

Hatukuwa na jibu. Tulikwenda kwa sheikh wetu kuuliza kama tunadaiwa. Akatuambia kwamba msimamizi hadhamini hasara isipokuwa alifanya taksiri, kisha akauliza: "Uliuliza watu wangapi kabla ya kutaja bei ile?" Tukasema: "Mmoja, naye dalali." Sheikh akanyamaza. Kunyamaza kwake kulitutosha. Tangu siku hiyo ada za watoto wale tumezibeba sisi kwa ihtiyati, mpaka tuwe na yakini kuwa tofauti ile imerudi kwao.

Jinsi ya kuifikia bei

Enyi ndugu zetu, kutokana na mafunzo hayo tunaona muuzaji afuate mambo haya kabla ya kufungua kinywa.

La kwanza, ajue anauza nini. Katika nchi yetu ardhi yote ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Unachouza ni jengo pamoja na haki ya kuitumia ardhi. Basi nyumba yenye hati miliki si sawa na nyumba yenye leseni ya makazi, wala hizo si sawa na nyumba yenye karatasi ya serikali ya mtaa peke yake. Hati nayo ina muda, ukiwa ni miaka 33, 66 au 99, na miaka iliyobaki ni sehemu ya bei. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja wa wanandoa kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Kama ni ya mirathi, warithi waafikiane kwanza.

La pili, aulize bei zilizolipwa, asiulize bei zilizotajwa. Mtaani utasikia kwamba nyumba ya fulani ni milioni 100. Ulizeni imeuzwa? Kama haijauzwa, hiyo ni ndoto ya mwenye nyumba, si bei ya soko. Awatafute watu watatu walionunua au kuuza karibu naye katika mwaka mmoja uliopita, nyumba zinazofanana na yake kwa vyumba, kwa umbali wa barabara na kwa aina ya hati.

La tatu, inapokuwa mali ni kubwa au ina mayatima, amwite mthamini aliyesajiliwa. Taaluma hii ina sheria yake, Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016. Ujira wa mthamini huonekana mzito, lakini sisi tulioukwepa tulilipa zaidi.

La nne, asichanganye alichotumia na kile nyumba inachostahiki. Utamsikia mtu akisema: "Marumaru peke yake zilinimaliza." Mnunuzi hakukutuma uweke marumaru. Wala nyumba haipandi thamani kwa sababu umezaliwa humo au kwa sababu mzee wako alifia humo. Mapenzi ya nyumba ni haki yako, lakini hayauziki.

La tano, atoe kasoro katika bei na azitaje. Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkanya mwenyewe na kujitenga na kila mwenye kughushi. Leo unyevu huo unafichwa kwa chokaa. Ufa unazibwa kwa saruji siku mbili kabla ya mteja kuja, na karo inayofurika wakati wa masika huonyeshwa wakati wa kiangazi. Hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.) inatufunza kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, mauzo yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa.

La sita, ajiwekee kipimo cha kupita mpaka. Waandishi wa Majalla, sheria iliyokusanywa zama za dola ya Uthmaniya baina ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata fiqhi ya Hanafi, waliihesabu tofauti ya sehemu moja ya tano katika nyumba na ardhi kuwa ni ghabn iliyo kubwa. Aidha walibatilisha mauzo ya mali ya yatima yenye ghabn hiyo, hata pasipokuwa na udanganyifu. Kipimo hicho ni cha bei iliyouziwa, lakini kinafaa kumzindua anayetaja bei. Khumsi ya milioni 58 haifiki milioni 12. Sisi tulipita kwa milioni 32, na hatukuzinduka.

Kupatana, dalali na bei mbili

Wengine watauliza: je, si ruhusa kutaja juu kidogo ili mteja apunguze? Ruhusa ipo. Kupatana bei ni halali, na mauzo ni kwa ridhaa ya pande mbili. Kilichoharamishwa ni uongo ndani ya kupatana. Usiseme "jana nilipewa 80 nikakataa" na hukupewa. Katika watu ambao Mtume (s.a.w.) alitaja kwamba Allah hatawatazama siku ya Kiyama yumo aliyeapa, baada ya Alasiri, kwamba alipewa kiasi kadhaa katika bidhaa yake, naye ni mwongo. Wala usimtume binamu yako ajifanye mteja ili bei ipande. Huo ni najashi, nao umekatazwa waziwazi.

Dalali naye ana haki ya ujira wake, na ujira huo utajwe mapema. Ama kuhusu "cha juu", imepokelewa kwamba Ibn Abbas (r.a.) hakuona ubaya mtu kumwambia mwenzake auze nguo kwa kiasi kadhaa na kinachozidi kiwe chake, ijapokuwa wanazuoni wengi hawakuupenda ujira usiojulikana kiasi chake. Lakini hilo ni kwa mwenye mali kujua na kuridhia. Dalali anayemwambia mwenye nyumba 50 na mnunuzi 60, akameza 10 kimya kimya, amewahini wote wawili.

Lipo jambo jingine lililoenea mno, nalo ni bei mbili: moja ya mkononi na nyingine ya kwenye mkataba, ili kodi ya faida ya mauzo ipungue. Ndugu zetu, mkataba ni ushahidi ulioandikwa na kutiwa saini. Shahidi wako ameandika jina lake chini ya uongo, na wewe umemtia ndani yake. Tena siku mnunuzi akikuta hati ina mgogoro na akadai kurejeshewa fedha zake, karatasi itamtambua kwa ile bei ndogo. Mwenye shaka juu ya kodi aende mamlaka husika aulize kabla ya kuuza, maana sheria ina misamaha kwa baadhi ya nyumba za makazi, na huenda alichokusudia kukwepa hadaiwi.

Na wanunuzi wasidhani maneno haya hayawahusu. Nabii Shuayb (a.s.) aliwakataza watu wake kupunguza vipimo, na pia kuwapunguzia watu thamani ya vitu vyao. Imesimuliwa kwamba Jarir bin Abdillah (r.a.) alinunuliwa farasi kwa mia tatu, naye akaona anastahiki zaidi. Akamwendea mwenyewe akawa anaongeza mpaka mia nane, kwa sababu alikuwa amempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Mjane anayeuza kwa sababu ya bili ya hospitali hajui kupatana. Usimvizie.

Jawabu kwa mzee wetu

Mzee wetu, upo hapa usiku huu, na jawabu letu la ngazini tunalirudisha. Usiseme utakacho. Ijue nyumba yako kwanza. Uliza waliolipa, toa kasoro, mpigie hodi jirani yako kabla ya mgeni, kisha taja bei ambayo mtu akikuuliza umeipataje utamweleza mwanzo mpaka mwisho bila kuinamisha kichwa. Na ukipata fedha usiziache ziyeyuke. Ipo hadithi kwa Ibn Majah, ambayo wanazuoni wameizungumzia katika sanad yake, inayoelekeza kwamba anayeuza nyumba au ardhi asiiweke thamani yake katika mfano wake, huenda asibarikiwe. Maana yake inajulikana kwa kila aliyeuza nyumba, na mwaka usiishe, akawa mpangaji asiye na fedha wala mlango.

Kesho baada ya swala ya Alfajiri, kama utaturuhusu, tutafuatana nawe tukawaulize wale watatu.

Tunamwomba Allah (s.w.) awe radhi na kaka yetu, awalee mayatima wake, atusamehe pale tulipokosa katika amana yao, na atujaalie tuwe wakweli katika kuuza na kununua kwetu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.